Swali la Mlangoni

Kaka alifunga daftari, akairudishia kalamu kifuniko chake, akasimama. Alichukua koti lake kwenye mgongo wa kiti, akalikunja juu ya mkono vilevile nilivyomwona akilikunja katika ofisi za watu wengi, akanishukuru kwa muda wangu. Akaenda hadi mlangoni. Mkono wake ulipogusa kitasa, nilijua kwamba mahojiano ndiyo kwanza yanaanza.

"Kitu kimoja tu, mdogo wangu," alisema, akigeuka nusu. "Nilisahau."

Hakuwa amesahau. Kwa miaka yote niliyombebea mkoba nilisimama pembeni yake mahali kama pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje, nikiwatazama watu wakishusha mabega kwa kuona maswali yamekwisha. Hapo ndipo alipowauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia: "Kama ungekaa wiki nzima nyumbani, bila simu, nini kingesimama hapa?"

Sisi tuliliita swali la mlangoni. Sasa nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, mara ya kwanza katika maisha yangu, na jibu nilikuwa nalo. Tatizo ni kwamba lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine.

*

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushauri makampuni namna ya kujiendesha. Mama hakuielewa hata kidogo. "Mnauza nini hasa?" aliniuliza. Nikamwambia tunauza ushauri. Akacheka mpaka akakohoa. "Yaani watu wanatoa hela kwa kitu ambacho mimi nakupa bure na hukitaki?"

Tuliingia kwenye kiwanda, hospitali au benki tukiwa tumevaa vizuri kuliko wenyeji. Tukakaa na watu mmoja mmoja, tukauliza, tukaandika, kisha tukachora masanduku yaliyounganishwa kwa mistari: nani yuko chini ya nani. Masanduku yalikuwa mengi tulipofika na machache tulipoondoka. Tuliondoka kabla watu hawajaanza kufungasha vitu vyao, kwa hiyo sikuwahi kuona sehemu hiyo. Nyumbani nilifika mwisho wa wiki, nguo zikafuliwa, nikaondoka tena. Mama alikuwa akiishi nami, au tuseme alikuwa akiishi na vitu vyangu.

Mkuu wetu hakupenda kuitwa bosi. Alitaka tumwite Kaka, na alistahili. Alikumbuka nani anasomesha nani, nani ana mgonjwa nyumbani. Mama alipolazwa, Kaka ndiye aliyefika wodini kabla yangu, na matunda mkononi, akakaa naye akimsimulia vichekesho mpaka muuguzi akamtoa. Nilimpenda. Nalisema hili mapema ili yanayofuata yasidhaniwe kuwa maneno ya mtu aliyekuwa na kinyongo tangu mwanzo.

Kusoma majibu alinifundisha yeye, tukiwa kwenye gari tukirudi hotelini. Alisema wapo wanaojibu kwa kutaja kitu: mtambo wa pili hautawashwa, dawa hazitaagizwa, mishahara haitatoka. Na wapo wanaojibu kwa kutaja watu: nina watu wazuri, nimewafundisha, hakuna kitakachoharibika.

"Anayetaja kitu anabaki," alisema. "Anayetaja watu anaondoka. Si amekwambia mwenyewe kwamba hahitajiki?"

Niliwakumbuka wale wa kundi la pili, walivyojibu wakitabasamu, wakijivunia watu wao. Karibu wote walikuwa wakuu wazuri. Nikamwambia naona ni ukatili. Hakukasirika. "Sisi hatumkati mtu, mdogo wangu. Tunachora tu. Wenye kampuni ndio wanaofuta." Nilikuwa mdogo, nilikuwa na njaa ya kazi, na maneno yake yalinituliza.

Kwetu sisi wenyewe hakufukuzwa mtu. Tulilirudia jambo hilo mbele ya wageni kwa majivuno. Kila baada ya muda ama ulipandishwa cheo ama uliitwa ofisini kwa Kaka, ukaagiziwa chai, ukaambiwa umeiva. Ukishaambiwa umeiva, unajua safari imewadia. Meza ilibaki yako kwa miezi kadhaa, na kazi yako ikawa ni kutafuta kazi. Au Kaka alikutafutia mwenyewe kwa mmoja wa wateja wetu, na hapo likatumika neno letu lingine: umepandwa. Fulani amepandwa benki, fulani amepandwa kampuni ya maji. Keki ililetwa, hotuba ikatolewa, picha yako ikatundikwa ukutani pamoja na za wengine waliotoka. Aliyepandwa vizuri siku moja angewaita wenzake waje kushauri pale alipo. Hilo halikuingizwa kwenye hotuba.

Mimi niliiva mwaka ule mama alipoanza kusumbuliwa na mgongo. Kaka alinimiminia chai kwa mkono wake. "Kuna kiwanda cha magodoro," alisema. "Wanatafuta mkuu wa usambazaji. Nimeshaongea nao." Nililia, akanipa kitambaa chake. Mpaka leo sijui nililia kwa uchungu au kwa kupata ahueni.

*

Ofisi yangu mpya ilikuwa juu ya uwanja wa kupakilia. Ilipandwa kwa ngazi za chuma, na ilikuwa na dirisha moja lililojaa vumbi la sponji ambalo halikuisha hata ulifute namna gani. Harufu ya sponji mbichi iliingia kwenye nywele na kwenye mkate wa asubuhi. Siku ya kwanza nilikuta malori yote yamejazana getini, madereva wanatukanana kwa zamu, na godoro la watu wawili limelala kwenye tope likinywa maji. Nilisimama dirishani nikalitazama. Sikujua nani anapaswa kuliokota, kisha nikakumbuka kwamba ni mimi.

Idara ilikuwa na watu wengi, ila walioibeba walikuwa watatu. Kipara, msimamizi wa upakiaji, alikuwa na nywele nyingi kuliko mtu yeyote pale kiwandani. Jina alilipata siku moja aliponyolewa vibaya, nywele zikarudi, jina likabaki. Shangazi alipanga lori gani liende wapi, na alimwita kila mtu "mwanangu", mkurugenzi akiwemo. Mpole alipokea simu za wenye maduka na kuwafokea kiasi kwamba wengine walipiga kwanza kuulizia kama hayupo, ndipo walalamike kwa raha.

Kubwa nililowaletea ni moja tu. Nilisema malori yagawanywe: maduka makubwa yapelekewe alfajiri, madogo baada ya mchana, ili geti lisizibe. Nilichora kwenye karatasi nikampa Shangazi, naye akachora juu ya michoro yangu, nami nikachora juu ya yake. Mwisho sikujua tena mstari upi ni wangu na upi ni wake. Baada ya mvua kutuharibia shehena nzima nilisisitiza pia turubai lifungwe mafundo mawili kwa nyuma badala ya moja. Kipara alinuna siku kadhaa, kisha akaanza kuwakaripia wengine kwa ajili ya fundo la pili kama vile amelizaa yeye.

Nilikuwa na furaha. Zamani nilichora kitu nikaondoka. Pale nilichora kitu, kesho yake nikakiona kikitoka getini kikitoa moshi. Nilikula chakula cha mchana na watu walewale kila siku, nikajua nani hapendi kitunguu. Jioni nilikuwa nyumbani kabla mama hajawasha taa.

Kipara mwenyewe ndiye aliyemletea mama godoro, akaliingiza chumbani akiwa amelibeba kichwani, akakataa maji. Mama alilibonyeza kwa ngumi, akajilaza juu yake na viatu vyake, akafumba macho. "Sasa hii ndiyo kazi," alisema. "Kitu mtu anakilalia." Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu, na malori ya kiwanda hupita pale asubuhi. Mama akawa na mazoea ya kukaa kibarazani na kikombe chake, akimwonyesha jirani: "Magodoro ya mwanangu hayo." Baada ya miaka yote ya kunisomesha, hatimaye alikuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Ndicho nilichokuwa nacho. Sikuwa na kingine, wala sikukitaka.

*

Mauzo yalishuka magodoro ya bei poa kutoka nje yalipoanza kuingia. Mkurugenzi, mtoto wa mwanzilishi, aliniita akaniuliza kama tuwaite wenzangu wa zamani watushauri. Nikamwambia hapana. Nikamwambia tunahitaji mashine mpya ya kukatia sponji, hatuhitaji masanduku. Alinisikiliza vizuri sana, akaandika kila nilichosema, kisha akawaita.

Kaka aliwasili na watu wake, akanikumbatia mbele ya wote. Uwanjani, wafanyakazi wakiwa wamekusanyika katikati ya malori, alishika kipaza sauti akasema, "Ndugu zangu, msiwe na wasiwasi. Sisi si wageni hapa. Dada yenu huyu ni wetu, tulimpanda hapa wenyewe." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu kwetu lilikuwa neno la kawaida, la keki na hotuba. Kipara hakucheka. Nilimwona akinitazama, kisha akarudi kukagua matairi.

Jioni ileile niliwaita wote watatu kwenye stoo ya magodoro yaliyokamilika. Tulikaa juu ya mzigo uliofungwa nailoni, miguu ikining'inia.

"Watawauliza mambo mengi," niliwaambia. "Jibuni mnavyotaka. Lakini yule mkubwa wao akishafika mlangoni akageuka, hapo ndipo muwe macho."

"Mlangoni?" aliuliza Mpole. "Si aulize akiwa amekaa, kama binadamu?"

Niliwaeleza swali. Niliwaeleza na jibu. Taja kitu, usitaje mtu. Usimtaje mwenzako, usinitaje mimi, usiseme mtasaidiana. Sema ni kitu gani hakitafanyika siku hupo.

"Lakini si tutasaidiana?" Shangazi alisema. "Nilipofiwa, si Kipara aliyepanga malori?"

"Najua, Shangazi. Usiseme."

Kipara alikuwa akichuna kipande cha nailoni kwa ukucha. "Na wewe umeyajuaje yote haya, dada?"

"Nilikuwa mmoja wa wanaouliza."

"Sawa," alisema. Akarudia kuchuna nailoni.

Tulifanya mazoezi. Nilifunga daftari la kufikirika, nikakunja koti la kufikirika, nikaenda hadi mlango wa stoo, nikageuka. Mpole alijibu vibaya mara ya kwanza, akajibu vizuri mara ya pili, mara ya tatu akajibu kwa ukali mpaka nikarudi nyuma. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kulikoni. Nadhani ile ndiyo jioni niliyopendwa kuliko zote pale kazini, au niliyodhani napendwa.

Wakaitwa mmoja mmoja, wakarudi wakiwa wamenyooka. Kipara alitaja upakiaji na turubai. Mpole alisema bila yeye wenye maduka wangehamia kwa washindani mpaka mwisho wa wiki, na nadhani alikuwa akisema kweli, kwa sababu walikwishamzoea. Shangazi alitaja ratiba ya malori. "Nimemwambia kama ulivyonifundisha, mwanangu," alisema, akinishika mkono. "Sikumtaja mtu." Nikamsifu.

Kisha ikawa zamu yangu.

*

Kaka alisubiri, mkono kitasani. Alikuwa hodari wa kusubiri.

Nilitafuta kitu cha kutaja. Upakiaji ulikuwa wa Kipara. Simu za maduka zilikuwa za Mpole. Nilizunguka idara nzima kichwani, kona kwa kona, nikakuta kila kitu kina mwenyewe, na kila mwenyewe nilikuwa nimemfundisha mimi aseme hivyo. Mshauri wa mwaka wa kwanza angeliona kosa hilo: ukigawa masanduku, unabakiza la kukaa wewe. Miaka yote niliyagawa ya watu wengine, nikiwa nimesimama nje ya mchoro, na nilipowagawia watu wangu nilisimama nje vilevile. Sikukumbuka kabisa kwamba safari hii nimo ndani.

Kulikuwa na kitu kimoja. Ningesema ratiba ya malori ni yangu. Wala usingekuwa uongo, maana wazo nilikuja nalo mimi, na Kaka angeniamini. Lakini nilijua anavyofanya anapokuta majina mawili juu ya kitu kimoja. Jina la chini hufutwa. Shangazi alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na wajukuu wake walikuwa wakila kwake.

Niliogopa. Niliwaza kibaraza cha mama na kikombe chake. Niliwaza kwamba Shangazi hatajua kamwe. Yote hayo yalipita kichwani wakati Kaka amesimama pale.

"Hakuna kitakachosimama," nilisema. "Nina watu wazuri. Nimewafundisha."

Alinitazama kwa muda kidogo zaidi ya kawaida yake. Alijua kwamba najua. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwenye gari, kwa mdomo wake. Nilitegemea atasema kitu. Niseme ukweli, nilitegemea atafunga mlango kwa ndani, arudi akae, aseme, mdogo wangu, acha mchezo, jibu tena.

"Asante," alisema. Akatoka, akauvuta mlango taratibu usipige kelele.

*

Mchoro mpya ulibandikwa ubao wa matangazo. Idara ya kushona ilipunguzwa, ya kukata ikapunguzwa zaidi, makarani wa ghorofani wakabaki wachache. Usambazaji haukuguswa, ila sanduku la juu tu ndilo lililoondolewa. Kipara aliandikwa mratibu, chini ya mkurugenzi moja kwa moja.

Watu si wajinga. Waliona kwamba idara moja tu imetoka salama, wakauliza kwa nini. Mtu akasema alisikia tulikutana stoo. Mwingine akakumbuka maneno ya kipaza sauti, na neno "tulimpanda" likazunguka kiwanda kizima kabla ya chakula cha mchana. Eti nilikuwa mpelelezi. Nililetwa zamani kuandaa njia, na sasa kazi imekwisha narudi kwa wenyewe. Kuondolewa kwangu wakakuona ni maigizo. Wanawake wa kushona, ambao niliwahi kukaa nao msibani, walinipa mgongo getini. Mmoja alinigeukia akasema, "Wako uliwapa majibu. Sisi je?" Na hilo lilikuwa kweli.

Ila watu watatu walikuwa na la kusema. Walijua kilichosemwa stoo, na walijua nilikuwa na sura gani nilipokisema. Neno moja kutoka kwa Kipara pale uwanjani lingetosha. Nililingoja mpaka siku ya mwisho, nikiwa nimekaa dirishani, nikiwatazama wakipita chini na kutotazama juu.

Siku ya mwisho Kipara alipanda ngazi kunisaidia kubeba vitu. Vilikuwa vichache. Aliangalia ofisi kwa jicho la mtu anayepima meza yake itakaa wapi, halafu akaona aibu.

"Wanasema ulipandwa," alisema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu, dada." Alihamisha sanduku kutoka mkono huu kwenda ule. "Watu kama nyie hamkosi pa kwenda. Sisi tukitoka hapa tumetoka."

Nilitaka kumwambia nilichojibu mlangoni. Nikafungua mdomo. Lakini ningeanzaje? Ningesema nilikuwa nimebakiza kitu kimoja nikakiacha kwa ajili ya Shangazi, na ningesikika kama mtu anayedai kulipwa. Nikamuuliza kama maturubai mapya yamefika. Akasema yamefika.

Mpole alinikumbatia ngazini, akarudi ndani haraka kwa sababu simu ilikuwa ikilia. Shangazi hakuja. Aliagiza salamu, akasema ana malori. Lilikuwa jambo la kweli, asubuhi malori yapo. Lakini katika yote yaliyonipata kiwandani, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kampuni ilinipa godoro la kuniaga, kama inavyompa kila anayeondoka. Getini nilirudisha simu ya kazi, mlinzi akaitia kwenye droo.

*

Kaka alinialika chakula cha mchana, mahali penye vitambaa vyeupe mezani. Alinisikitikia kwa dhati, ndivyo alivyo. Aliomba kalamu kwa mhudumu, akanichorea barabara tatu kwenye karatasi ya kujifutia mikono. Siku zote zilikuwa tatu. Ya kwanza, nianzishe ofisi yangu ya ushauri. Ya pili, anitafutie mteja mwingine. Ya tatu aliizungushia duara: nirudi kwao kwa mkataba mfupi, nisimamie mpango mpya pale kiwandani. "Wanahitaji mtu anayepajua," alisema.

"Ulijua nitajibu vile?" nilimuuliza.

Alifikiri. Hakuwa mwongo. "Ulijibu mwenyewe, mdogo wangu. Mimi niliuliza tu."

"Ungerudi ndani ukakaa," nilimwambia.

"Ningekaa wapi?"

Nilikunja ile karatasi nikaiacha chini ya sahani. Mama bado anamuulizia, yule kaka wa matunda, mbona haji tena.

Picha yangu ingali ukutani kwao, nimeambiwa. Kila mwaka naletewa mwaliko wa karamu ya waliotoka, na kila mwaka kuna mtu wa kusimama aeleze barabara aliyopita baada ya ushauri. Waliopandwa benki wanaeleza. Sijawahi kwenda. Siku hizi nawaandaa watu kwa mahojiano ya kazi, kwenye chumba cha kukodi chenye meza moja, viti viwili na mlango. Nawafundisha kutaja kitu. Wengi wanapata kazi na hawarudi kunieleza, nami sisubiri.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni wiki ile ya kwanza baada ya kutoka kiwandani. Nilimwambia mama niko likizo. Asubuhi niliamka wakati uleule, nikavaa, nikakaa jikoni bila simu, nikisikiliza barabara. Niliomba wachelewe. Mungu anisamehe, niliomba geti lizibe, madereva watukanane, lori moja tu likwame. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumwombea mtu mgonjwa.

"Magodoro yako hayo," mama aliita kutoka kibarazani.

Nilitoka na kikombe mkononi. Lori lilikuja likiwa limejaa sawasawa, halikuinama upande wowote. Dereva alimpigia mama honi kama kawaida, akaniona mimi, akageuza uso barabarani. Lilipotupita nilitazama nyuma yake. Turubai lilikuwa na mafundo mawili.

Mama aliniona nimesimama. "Vipi, wamechelewa leo?"

"Hapana, mama. Wamewahi."

"Na wewe hupo," alisema, akitabasamu, akilifuata lile lori kwa kidole mpaka likapotea. "Basi umewafundisha vizuri."

Nilivuta kiti nikakaa kando yake, tukasubiri lingine.